Mawe ya Kubandika

Barua zilifika siku moja, kila mlango na yake. Delphine Gaskins alijua ya jirani yake inasema nini kabla hajafungua ya kwake, kwa kuwa Earlene Whitlock aliisoma akiwa amesimama ngazini, kwa sauti ile ile aliyoimbia kwaya, mtaa wote usikie.

"'Nyumba hii itahifadhiwa kwa thamani yake ya kihistoria.' Umesikia, Cephas? Thamani! Miaka arobaini na mbili nadeki thamani, na sijui!"

"Nimesikia," mumewe akajibu kutoka jikoni. "Na walioko bandarini wamesikia."

Delphine akaachia pazia, akakaa kwenye kiti cha marehemu mumewe Otho, akachana bahasha yake kwa kidole. Ya kwake ilikuwa fupi. Uso wa asili wa nyumba namba 814, Mtaa wa Ashbell, umeharibiwa. Nyumba haina sifa ya kuhifadhiwa. Itabomolewa pamoja na tatu zinazofuata ili kupisha maegesho ya magari arobaini na sita ya Wilaya ya Ubunifu, eneo jipya la maabara. Mwenyewe atatafutiwa makao kwenye ghorofa za wazee, upande wa magharibi wa jiji. Akiwa na pingamizi, Bodi ya Majengo ya Kale itakaa Alhamisi ya tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi.

Mtu mwingine angeililia nyumba. Delphine naye angeililia, lakini baadaye. Kitu cha kwanza kilichompanda kifuani kilikuwa swali moja chungu: kwa nini Earlene?

Maana siku zote ilikuwa Earlene. Walikuja Mtaa wa Ashbell wakiwa maharusi wa Juni moja, wakaingia nyumba mbili za katikati ya safu, zimebanana hadi zinagawana ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Tangu mwezi wa kwanza Delphine alipima maisha yake kwa jirani. Ngazi za marumaru za Earlene zilikuwa nyeupe zaidi, ingawa wote wawili walizisugua kila Jumamosi kwa sabuni ya unga na jiwe lile lile la dukani. Kofia za Earlene za kanisani zilikuwa pana zaidi. Na mume wa Earlene, Cephas, alikuwa fundi mwashi, mrefu, mwenye mikono ya kujua inachogusa, ilhali Otho wake aliendesha basi la jiji na akifika nyumbani alikuwa hajui hata nyundo inakaa wapi.

Kwa hiyo, mwaka ule wa sitini na sita, alipopita muuzaji mwenye sanduku la vipande vya mawe ya kubandika, Delphine hakumwacha amalize maneno yake. Mawe yale hayakuwa mawe. Yalikuwa saruji iliyotiwa rangi, ikapakwa juu ya wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye matofali, ikachorwa ionekane kama ukuta wa ngome. Baltimore nzima ilikuwa na wazimu nayo. Delphine akawa wa kwanza mtaani. Siku mafundi walipomaliza alitoa kiti nje, akakaa chini ya ukuta wake mpya wa kijivu na pinki unaong'aa chembechembe, akawa anakunywa sharubati ya limau taratibu sana, mpaka Earlene alipotoka akaona. Earlene aligeuka, akarudi ndani. Ile ilikuwa jioni tamu kuliko zote katika ndoa ya Delphine.

Nyumba tatu za upande wake zikamwiga mwaka uliofuata. Earlene na wale wa upande wa pili hawakuweza. Walibaki na matofali, wakiyapaka rangi nyekundu kila baada ya miaka michache.

Na sasa watu wa miwani na kompyuta walikuwa wamekuja na kusema kwamba matofali ndiyo mali, na mawe ni uharibifu.

*

Aliyetumwa na Bodi kukagua safu alikuwa binti mmoja, Tamsin Kessler, mwenye viatu vya kupandia milima katikati ya jiji. Delphine alimvuta ndani kabla hajabisha hodi mara ya pili, akamwekea keki.

"Mwanangu, hebu niambie bila kunizungusha. Nyumba yangu na ya yule zilijengwa siku moja na mtu mmoja. Mlango wangu ni wa zamani kama wake. Ngazi zangu ni za zamani kama zake. Kwa nini yeye ni historia na mimi ni maegesho?"

"Ni uso tu, Bi Delphine. Bodi inaangalia safu inavyoonekana kutoka barabarani."

"Kwa hiyo nikivaa uso wangu wa zamani?"

Tamsin akaacha kutafuna. "Ukiweza kuyatoa mawe yote, na matofali ya chini yakawa mazima, na ukawahi kabla ya tarehe ishirini na sita, nitawapelekea picha mpya. Wanaweza kubadili. Siahidi. Lakini usimpe mtu wa kubomoa kwa mashine, atapasua matofali. Inataka mwashi wa zamani, mwenye patasi na subira. Hao sijui unawapata wapi kwa wiki mbili."

Delphine alijua anampata wapi. Angemsikia akikoroma usiku huo huo, upande wa pili wa ukuta.

Alizunguka siku mbili kwanza. Alipiga simu kwa mafundi sita. Wawili walicheka, watatu walikuwa wameajiriwa kule kule Wilaya ya Ubunifu wakijenga maabara, na mmoja alisema atakuja Novemba. Siku ya tatu akavaa gauni la kitambaa kizuri, akashuka ngazi zake tatu, akapanda tatu za Earlene. Hatua kumi na mbili kwa jumla. Zilimchosha kuliko kwenda sokoni na kurudi.

"Karibu, shoga," Earlene alisema, hakusogea mlangoni. "Umekuja kunipa hongera?"

"Hongera."

"Asante. Imekutoka kama jino."

"Earlene, nataka kumwomba Cephas. Kwa kazi. Atoe mawe yangu."

Earlene akamtazama kuanzia kiatu hadi nywele. "Unataka nikuazime mume."

"Nataka uniazime fundi. Mume kaa naye."

"Wote wawili wanavaa suruali moja, mwenzangu. Siwezi kumpasua." Kisha akageuza kichwa. "Cephas! Delphine anakutaka!"

Cephas alitokea akiwa na gazeti mkononi. Alikuwa na miaka sabini kasoro, amepinda kidogo mabega, lakini alipotoka nje na kuutazama ukuta wa Delphine kitu kilinyooka ndani yake. Aligonga mawe kwa kifundo cha kidole, huku akisikiliza kama daktari. "Imeachia hapa. Na hapa. Shemeji, haya mawe yanataka kutoka yenyewe."

"Sijasema ndiyo bado," Earlene alisema.

"Sijasikia ukisema hapana."

Basi Earlene akatoa masharti. Cephas atakula chakula cha mchana kwake, si kwa Delphine. Maji ya kunywa yatatoka kwake. Na kazi ikiwa inaendelea, yeye Earlene atakaa nje na kiti chake, kwa sababu, alisema, haiwezekani mume wake awe juu ya ngazi mbele ya dirisha la chumba cha kulala cha mjane, halafu mkewe yuko ndani anamenya viazi.

"Nina miaka sitini na minne," Delphine alisema.

"Nami pia. Ndiyo maana najua."

*

Cephas alianzia juu. Alipenyeza patasi nyuma ya mawe, akagonga mara mbili kwa upole, na kipande kikubwa kama trei ya kanisani kikaning'inia kwenye wavu wake. Akakata wavu kwa koleo, akakishusha kwa kamba. Chini yake palikuwa na vumbi jeupe. Akalipangusa kwa brashi.

Delphine, aliyesimama barabarani na mikono kifuani, hakuwa ameona matofali yake kwa miaka arobaini na mbili. Alikuwa amesahau rangi yake. Ilikuwa rangi ya ganda la kaa aliyetoka kwenye mvuke, ile nyekundu yenye machungwa ndani yake, na kila tofali lilikuwa na kingo kali kana kwamba limetoka tanuruni wiki iliyopita. Mvua ya miaka yote ile haikuligusa. Jua halikuligusa. Rangi ya asili ilikuwa imebanduka na wavu, na tofali lenyewe limebaki uchi, safi.

"Bwana wangu," Cephas alinong'ona. "Tazama hili. Earlene, njoo utazame!"

"Naona nikiwa hapa," Earlene alisema kutoka kwenye kiti.

Siku ya pili watu wakaanza kusimama. Mama wa duka la samaki wa kukaanga alitoka na aproni yake. Mashemasi wawili wa kanisani walipita, wakarudi, wakapita tena. Vijana wa maabara, wenye vitambulisho shingoni, waliacha kutazama simu na kupiga picha. Siku ya tatu akaja Tamsin, akapanda ngazi mwenyewe, akateremka macho yamemtoka.

"Bi Delphine, haya ndiyo matofali bora niliyoyaona mtaa huu wote. Yale mengine," akapunguza sauti, lakini si vya kutosha, "yameliwa na rangi na chumvi. Haya kama mapya!"

Delphine hakugeuka. Hakuhitaji. Alisikia kiti cha Earlene kikilia kwenye lami.

Lazima isemwe kwamba wakati ule angeweza kusema jambo jema. Angeweza kusema, ni kazi ya Cephas. Badala yake alisema, kwa sauti ya kutosha nyumba mbili, "Ndiyo, vitu vikitunzwa hukaa."

Asubuhi ya nne Cephas hakuja.

Nusu ya juu ya nyumba ilikuwa tofali jekundu, nusu ya chini ilikuwa bado ngome ya saruji, na katikati kulikuwa na wavu umechanika unaning'inia kama soksi. Zilibaki siku tisa. Delphine alibisha hodi kwa jirani. Earlene akatoa nusu ya uso.

"Mgongo wake."

"Jana mgongo wake ulikuwa unaimba."

"Leo umenyamaza." Mlango ukafungwa.

Mchana huo Delphine alikuwa akipanga vyombo kabatini, kabati lililoegemea ukuta wa pamoja, aliposikia sauti ya Cephas. Akashusha sahani. Akaweka sikio.

"Ukuta huu ni tofali la ndani, Earlene. Bichi. Halikuonja moto wa kutosha, kwa sababu halikutarajiwa kuonja mvua. Wakibomoa kwa Delphine, ukuta huu utabaki nje uchi. Misimu miwili tu utalainika kama biskuti kwenye chai."

"Wamesema wataupiga lipu."

"Wamesema. Walisema pia wataleta taa za barabarani mwezi wa tatu. Umeiona taa?"

"Na watanitobolea madirisha ubavuni! Matatu, Cephas! Nitakuwa nyumba ya mwisho, yenye jua la alasiri. Maisha yangu yote nimeishi katikati ya safu kama nyama katikati ya mkate. Sasa wewe uko juu ya ngazi unamjengea yule mwanamke, ili yeye ndiye awe wa mwisho, yeye ndiye apate jua!"

"Kwa hiyo jirani yako avunjiwe nyumba upate dirisha."

"Nataka mara moja tu niwe na kitu ambacho hana!" Sauti ya Earlene ilipasuka. "Mara moja! Mama yangu, Mungu amrehemu, akija kunitembelea alikuwa anasimama kwa Delphine kwanza. Anapapasa mawe, anasema, mume wa huyu anajua kumtunza mke. Mwashi ni nani? Mwashi ni mume wangu! Na mke wa dereva wa basi ndiye anaishi kwenye jumba! Miaka arobaini na mbili nafungua mlango nakuta lile jiwe linanimetea. Halafu linatoka, na chini yake kuna kizuri zaidi!"

Delphine alibaki pale, shavu kwenye ukuta.

Earlene alikuwa akimwonea wivu. Earlene! Mwenye ngazi nyeupe, mwenye kofia, mwenye Cephas. Furaha iliyomjia haikuwa furaha ya kumwonyesha mtu. Ilimtoka tumboni ikampanda hadi masikioni, yenye joto, kama pombe ya kwanza ya ujana. Alikaa nayo siku hiyo yote. Akakaa nayo na siku ya pili, huku amejilaza kwenye kiti cha Otho, anakumbuka kila Jumamosi, kila Pasaka, na kuziangalia upya zote: pale nilipodhani ananicheka, kumbe alikuwa anaumia. Kila alipokumbuka moja alitabasamu.

Asubuhi ya tatu akafungua dirisha na kuona upande wa pili wa barabara mashine ya njano ya kubomolea imeegeshwa, shingo yake imekunjwa. Zilibaki siku saba, na yeye alikuwa ametumia mbili kulamba asali.

*

Earlene alikuwa ngazini kwake na beseni la njegere, akizitoa kwenye maganda. Delphine hakusubiri kukaribishwa. Alikaa ngazi ya chini yake, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akachota njegere konzi moja, akaanza kumenya naye.

"Nini kimekuleta?" Earlene aliuliza.

"Mawe yale niliyabandika kwa ajili yako."

Vidole vya Earlene vikasimama.

"Cephas alikuwa anapaka matofali yako rangi," Delphine alisema, macho kwenye njegere. "Kiangazi kile cha kwanza. Yuko juu ya ngazi, anapiga ile mistari myeupe kati ya tofali na tofali kwa brashi nyembamba, taratibu, kama anayempaka mkewe kucha. Wewe umekaa chini unakula pichi, unamwelekeza kwa kidole. Otho hakuwahi kunipaka hata mlango. Niliingia ndani nikalia. Yule muuzaji alipokuja sikununua mawe. Nilinunua kitu cha kuufunga mdomo ukuta wako."

"Rudia pale pa kucha."

"Earlene."

"Nimesema rudia."

Delphine akarudia. Earlene akafumba macho kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda.

"Nilijua," Earlene alisema. "Sikujua, lakini nilijua. Na mawe yalikupa raha?"

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Delphine alikuwa amejipanga kusema lile la kwanza tu. Lakini mashine ya njano ilikuwa pale, na Earlene alikuwa amegeuka anamtazama.

"Yalileta unyevu. Tangu mwaka wa pili chumba cha mbele kilinuka ukungu. Otho alikohoa kila baridi hadi alipokufa. Nilikuwa nafungua madirisha Jumapili, mkiwa mmeshatangulia kanisani, ili msinuse. Ndiyo maana nilikuwa nachelewa. Mlidhani nachelewa ili kofia yangu ionekane."

"Tulidhani hivyo hivyo," Earlene alisema taratibu. "Nilimwambia kila mtu."

Wakamenya. Gari la vijana wa maabara lilipita polepole, linatafuta pa kuegesha, likazunguka mtaa, likapita tena.

"Cephas atarudi kesho," Earlene alisema mwisho. "Lakini tofali lile halibaki vile. Linapakwa rangi yangu. Nyekundu ile ile, kopo moja, mistari ile ile. Sitaki mtu hata mmoja apite mtaa huu aseme kwa Delphine ndiko kuzuri."

Delphine akahisi njegere zikipasuka ndani ya kiganja chake. Tofali lile! Rangi ile ya ganda la kaa, ambayo watu walivuka barabara kuitazama. Kitu kimoja maishani ambacho alikuwa nacho na Earlene hana, na hakukinunua, alijikuta nacho.

"Tamsin atakataa," alisema. "Ni bora kuliko yote mtaani. Amesema mwenyewe."

"Nimeshamuuliza. Nyumba hizi zilipakwa rangi tangu zilipojengwa, imo kwenye makaratasi yao. Amesema Bodi itapenda zaidi zikifanana." Earlene akatikisa beseni. "Ni wewe, shoga. Upakwe, au wakupakie kwenye lori."

Delphine akafungua kiganja, akazitazama njegere zilizopondeka. Alikuwa akijaribu, kwa kweli kabisa, kupima kama angeweza kuvumilia ghorofa za wazee kwa ajili ya kubaki mzuri hadi tarehe ishirini na sita. Na alishtuka kuona kwamba mizani haikuanguka haraka.

"Kopo moja," alisema.

*

Cephas alifanya kazi siku tano kuanzia alfajiri. Alimaliza kutoa mawe, akaziba matundu ya misumari kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa tofali, akapaka rangi, akapiga mistari. Earlene hakuacha kiti chake. Ila Jumanne alimruhusu Delphine ampe Cephas maji. Delphine aliyapeleka, akasimama chini ya ngazi, akatazama ile brashi nyembamba ikipita kati ya tofali na tofali, taratibu, kwenye nyumba yake. Aliisubiri maisha yake yote. Lakini aliyekuwa akimwelekeza kwa kidole alikuwa Earlene.

Alhamisi saa nne walikaa watatu kwenye benchi moja, Delphine, Earlene na Cephas, katika chumba chenye kiyoyozi kikali na wajumbe saba nyuma ya meza ndefu. Bwana wa Wilaya ya Ubunifu alizungumza kwanza. Alikuwa na ramani yenye vistatili vyekundu, kila kimoja gari. Alisema wanasayansi wanaotafuta dawa hawawezi kuzunguka nusu saa wakitafuta pa kuegesha. Mjumbe mmoja mnene, Bwana Pindell, alitikisa kichwa kwa huruma nyingi na kutazama saa yake.

Kisha Tamsin akawasha picha ukutani. Nyumba mbili nyekundu bega kwa bega, mistari myeupe imenyooka kutoka moja hadi nyingine bila kukatika.

Mwenyekiti, mzee Ostrander, akavua miwani, akaivaa tena. "Ipi ilikuwa na saruji?"

Wajumbe wakainama mbele kuitazama picha. Mmoja akaonyesha ya kulia. Mwingine akasema hapana, ya kushoto, ona ilivyo safi. Wakacheka. "Huwezi kuzitofautisha," mwenyekiti alisema, akimaanisha sifa, na Delphine aliuma ndani ya shavu lake. Ya kulia, alitaka kusema. Ya kulia, na mngeiona Jumatatu mngelia.

Kura zilipigwa. Wanne kwa watatu. Namba 814 ikabaki. Maegesho yakapunguzwa magari kumi na moja.

Cephas alimshika Delphine mkono akautikisa kama anayechota maji kwa pampu. Bwana Pindell, ambaye kura yake ya kuhifadhi ndiyo iliyoamua, alikuwa tayari amesimama, akitoka kwa haraka huku akipapasa mfuko wa sarafu, maana gari lake lilikuwa kwenye maegesho ya kulipia na muda ulikuwa umekwisha. Karani akaanza kusoma uamuzi kwa ajili ya kumbukumbu za jiji.

"Bodi imeamua kuhifadhi, kama jozi, nyumba ya Whitlock, Mtaa wa Ashbell, pamoja na nyumba ya jirani."

Delphine alidhani hakusikia vizuri. "Ya nani?"

"Ya jirani, mama. Ndivyo ilivyo kwenye faili. La Whitlock lilifunguliwa kwanza."

Alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka kusimama. Alitembea hadi kwenye meza ya karani, akaweka kiganja juu ya karatasi. "Jirani ana jina. Gaskins. Andika."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mzee Ostrander akakohoa. "Naelewa, mama. Inawezekana. Lakini kubadili maneno ya uamuzi ni lazima tuufungue upya na kupiga kura tena." Akatazama kiti kitupu cha Bwana Pindell, akatazama wajumbe sita waliobaki, kisha akamtazama yeye kwa macho ya mtu anayejaribu kusaidia bila kusema. "Kwa sasa tuko sita. Watatu kwa watatu, hoja inaanguka. Ungependa tuufungue?"

Bwana wa Wilaya ya Ubunifu aliacha kukunja ramani yake.

Delphine hakuondoa kiganja. Chini yake aliona neno Whitlock, limeandikwa kwa herufi nzuri, na mbele kidogo neno jirani, kwa herufi ndogo. Karatasi ile ingekaa kwenye kabati la jiji miaka mia. Watoto wa watu wangeifungua na kusoma kwamba kulikuwa na Earlene, na kando yake kulikuwa na mtu. Mdomo wake ulifunguka. Alisikia pumzi ya Tamsin ikikatika.

Akageuka nyuma. Earlene alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mkoba magotini, kofia yake pana kichwani. Alikuwa akitabasamu. Tabasamu dogo, lililoshiba. Lakini mikono iliyoshika mkoba ilikuwa imekakamaa, na Delphine aliona kwamba hata Earlene hajui atasema nini.

"Kaa chini, shoga," Earlene alisema. "Tafadhali."

Neno lile la mwisho hakuwahi kulisikia kutoka kinywa kile. Delphine akainua kiganja. Kiliacha alama ya jasho pembeni ya karatasi, na karani akaipangusa kwa kitambaa.

"Iacheni," Delphine alisema.

Nje jua lilikuwa kali. Cephas alitangulia kutafuta gari, maana alikuwa ameliacha mitaa minne mbali na hakumbuki ni upi. Wanawake wawili walibaki kwenye ngazi za jengo la jiji.

"Umeona walivyoshindwa kuzitofautisha," Earlene alisema.

"Ya kulia ni nzuri zaidi."

"Zina rangi moja."

"Chini ya rangi."

Earlene alifikiri. "Utapata jua la alasiri sasa," alisema, na sauti yake ilikuwa na ile ncha Delphine aliyoijua kupitia ukutani. "Ukishatobolewa madirisha. Mimi nitabaki katikati."

"Matatu," Delphine alisema. "Nitadai matatu."

"Najua utadai matatu."

"Ukitaka kukaa kwenye jua hilo, unabisha hodi."

"Sibishi hodi kwa mtu asiye na jina," Earlene alisema, akashuka ngazi ya kwanza, na Delphine, ambaye moyo wake ulikuwa ukiwaka vile vile ulivyowaka mwaka wa sitini na sita, akaharakisha kushuka ili asitanguliwe.